Haya ya Ngapemba

Jumanne asubuhi Sikio liliniarifu kwamba kijiji cha Ngapemba kimekubali kuzama.

Halikusema hivyo, bila shaka. Mashine za serikali zina adabu zake. Kwenye kioo cha mezani kwangu yalitokea maandishi ya kijani: *Mkutano Mkuu wa Kijiji cha Ngapemba, Kata ya Lusonga. Waliohudhuria 412. Ridhaa asilimia 96. Inasubiri muhuri wa Mtendaji.* Mtendaji ni mimi, Oktavia Ligazio, mwenye miaka hamsini na miwili, magoti mabovu, na muhuri mmoja wa mpira ambao, kwa Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2058, una nguvu kuliko saini ya waziri.

Si mzaha. Waliotunga sheria ile walikuwa wamechoshwa na miradi ya kushushwa kutoka juu, inayofika kijijini na bango kubwa na kuondoka na bango lake. Wakaandika kwamba hakuna mto utakaogeuzwa wala bonde litakalojazwa maji kwa ajili ya hali ya hewa bila ridhaa ya watu wa hapo na muhuri wa kata yao. Wakatukabidhi madaraka, wakasahau kwamba wanatujua. Miaka mitatu ya kwanza sisi watendaji tulikaa majumbani tukiandika mihtasari ya mikutano ambayo haikufanyika. "Wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja." Nami nimeiandika sentensi hiyo mara nne, sijitakasi. Serikali ilipogundua, ilitununulia masikio.

Sikio ni kisanduku cha ukubwa wa tofali kinachotundikwa mahali pa mkutano. Hata watu mia nne wakisema kwa pamoja, linamsikia kila mmoja peke yake, linajua ni nani, linapima alichosema na kutuma jibu mkoani kabla watu hawajakung'uta vumbi. Lipo na dogo, la kuvaa kiunoni, ambalo mtendaji huenda nalo kwa wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Nililivaa hilo kila siku kwa miaka kumi na moja na sikuwahi kulikuta na kosa.

Tatizo ni kwamba kwenye mkutano ule wa Ngapemba, Jumatatu, nilikuwepo, na nilisikia kwa masikio yangu mawili ya nyama.

Mhandisi wa mkoa, Bwana Faraja Kisamo, alieleza mradi kwa saa nzima, na alieleza vizuri. Mashamba ya mpunga ya Ngapemba yangefunguliwa yamezwe na Mto Lukwale, kisha yapandwe Sponji. Hayo ni matete yaliyofugwa maabara, yenye mizizi inayorefuka mkono mzima kwa siku moja na kunywa mafuriko kabla hayajashuka bondeni. Yakishaota hayang'oki kwa miaka thelathini. Kijiji kingehamia kilimani. Chini ya bonde, mji wa Mbwego wenye watu elfu themanini ungepona. Miaka mitatu iliyopita masika yaliwachukua watu mia sita pale Mbwego, na kila mtu mkutanoni alilijua hilo.

"Basi ndugu zangu," alimaliza Mhandisi, "mnaonaje?"

Kisha mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkiori Mkopi, akatazama mikono yake akasema, "Haaaya." Mama yangu mzazi, aliyeketi safu ya mbele na kanga yake ya Pasaka, akatazama pembeni akasema, "Haaaya." Likaenda hivyo nyuma, safu kwa safu, mpaka ukumbi mzima ulikuwa umesema haya.

Mhandisi Kisamo akafuta jasho na kutabasamu. Taa ya Sikio ikawaka kijani.

Nimezaliwa Ngapemba. Ile haya fupi, ya kurushwa, maana yake twende kazini. Ile ndefu, inayotoka chini kooni huku macho yakiangalia pengine, maana yake ni: nimekusikia, wewe ni mgeni wangu, siwezi kukukatalia mbele za watu, sasa nenda kwenu. Mtoto wa miaka mitano Ngapemba anazitofautisha. Lakini Sikio lilifundishwa Kiswahili na redio, na Bunge, na watu wa mijini wanaosema haya wakimaanisha sawa. Watu wangu walisema haya kwa sababu ya haya, ile ya kuona aibu, na mashine ikahesabu.

*

Jumatano Mhandisi alikuja ofisini kwangu mwenyewe, bila dereva, viatu vikiwa na matope.

"Asilimia tisini na sita, Mtendaji," alisema akivuta kiti. "Mimi kwenye harusi yangu sikupata kura hizo. Muhuri uko wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza hakucheka, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi.

"Kwa hiyo unaniambia walikataa."

"Nakwambia hawajajibu."

"Mama Ligazio, setilaiti inasema maji yatafika Alhamisi ya wiki ijayo. Sponji inahitaji siku tano kushika udongo. Lango la mto lisipofunguliwa Jumamosi jioni, hata tukipanda tutakuwa tunapanda mboga." Akaegemea mbele. "Ukibatilisha ridhaa, sheria inataka notisi ya siku ishirini na moja ndipo mkutano uitishwe upya. Unajua hesabu hiyo inaishia wapi."

"Najua."

"Basi niambie nikawaambieje Mbwego. Kwamba walizama kwa sababu neno moja lilivutwa?"

Angekuwa mtu mbaya ningelala vizuri siku hiyo. Lakini mke wake wa kwanza alichukuliwa na maji ya Mbwego, kila mtu mkoani anajua, na tangu hapo amelala kwenye mahema kando ya mito akipima kina. Aliinuka, akaweka kidole chake juu ya kioo, pale kwenye asilimia tisini na sita.

"Mashine imesema wamekubali. Hakuna atakayekuuliza," alisema kwa upole. "Haya ni haya."

Alipoondoka nilimpigia binti yangu. Prisila anafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya Mbwego Chini, na kila nikisikia neno masika ninauona uso wake kwanza, kisha mengine. Sikumwambia chochote kuhusu muhuri. Nilimuuliza tu habari za kazi.

"Tunafanya mazoezi, mama," alisema. "Kengele ikilia, watoto wangu arobaini na watatu wanapanda ngazi mpaka kwenye paa. Jana tumetumia dakika nne. Wadogo wanagombania kuwa wa kwanza, wanadhani ni mchezo."

"Na maji mwaka ule yalipanda kwa dakika ngapi?"

"Tatu," alisema Prisila.

Nikachukua muhuri nikauweka mbele yangu. Nikaufungua kifuniko. Nataka ieleweke kwamba nilikuwa tayari kuupiga. Nilijiambia kwamba watu elfu themanini ni wengi kuliko mia nne, kwamba mashine imesema, kwamba nyumba za kilimani zina umeme na bomba. Yote yalikuwa kweli. Lakini sentensi ile ya zamani ikanirudia kichwani, kwa mwandiko wangu mwenyewe: wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja. Nilikuwa naelekea kuiandika mara ya tano, safari hii bila hata kushika kalamu.

*

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama shambani akiamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Mama ana miaka sabini na minane na bado anarusha mawe kwa kombeo vizuri kuliko vijana wote wa ukoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu au kwa serikali?"

"Kwa miguu." Nikavua Sikio dogo kiunoni, nikaliweka kwenye mfuko wa plastiki na kulifungia ndani ya ndoo yenye mfuniko. "Mama, Jumatatu ulisema haya."

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Wewe hujui?" Akarusha jiwe, ndege wakaruka. "Mwanangu, yule kijana wa mkoa alikuja na viatu vizuri, akazungumza kwa heshima, akatuamkia wazee mmoja mmoja. Ulitaka nimwambie sitaki mbele za watu? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

"Mashine imeandika kwamba umekubali."

Mama akashusha kombeo. Nilimwona akikasirika polepole, kuanzia mabegani. "Imeandika lini? Nani aliiambia iandike?"

"Ndiyo kazi yake. Kama muhuri wangu ukipigwa, Jumamosi maji yanaingia hapa unaposimama. Usipopigwa, yanaingia Mbwego. Alipo Prisila."

Tukaketi juu ya tuta. Mama alichomoa suke moja la mpunga akalifikicha kiganjani, akatafuna punje mbichi.

"Mimi nakuuliza kitu kimoja," alisema mwishowe. "Mwenye shida ni Mbwego. Aliyekuja kuomba ni mkoa. Hao Mbwego wenyewe hawana miguu? Mtu anataka shamba la babu yangu, kaburi la baba yako, anamtuma mhandisi? Hata ukitaka chumvi unaenda mwenyewe, unapiga hodi, unakaa, unaongea. Wao wako saa tatu kutoka hapa. Sijaona hata mmoja."

"Wakija utawapa?"

"Sijui. Lakini nitawajibu. Yule wa mkoa nilimwitikia tu."

Nilisimama haraka mpaka magoti yakalia. Katika mafunzo ya watendaji, mwaka ule tulipopewa Masikio, tulisomeshwa sheria nzima kwa siku tisa, na siku ya tisa mchana, wote tukisinzia, mwalimu alisoma Kifungu cha Kumi na Nne. Serikali za mitaa mbili zinazonywa mto mmoja zinaweza kupatana zenyewe juu ya mto huo, bila notisi na bila mkoa, mradi watu wa pande zote mbili wawe wamekutana mahali pamoja, uso kwa uso. Hakuna aliyewahi kukitumia. Nadhani hata aliyekiandika alikisahau.

Nilirudi ofisini, nikachukua muhuri, nikaupiga kwenye ridhaa ya Ngapemba. Si kwa upande wake wa IMEKUBALIWA. Kwa ule mwingine, wa BATILI. Kioo kikageuka chekundu. Nilikuwa nimelifunga lango kabla sijajua kama kuna mtu atakayekuja kulifungua. Kisha nikampigia Bi. Tatu Lihoza, diwani wa Mbwego Chini, ambaye hatukuwahi kuonana naye.

"Diwani, samahani kwa usumbufu," nilisema. "Una miguu?"

*

Walikuja Jumamosi saa mbili asubuhi, malori kumi na moja. Nilitarajia wajumbe, walikuja watu. Wauza samaki, mafundi baiskeli, wanawake na watoto mgongoni, shehe na katekista ndani ya lori moja. Kwenye lango la kijiji Bi. Tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia sokoni, aliwashusha wote, akasimama mbele yao na kuita, "Hodi Ngapemba!"

Akaita tena. Mara ya tatu Mzee Mkopi akajikohoza na kusema, "Karibuni."

Mhandisi Kisamo naye alikuwepo, amesimama mbali kando ya gari lake, kifaa cha kufungulia lango la mto mkononi. Alikuwa hajanisemesha tangu Alhamisi. Alinionyesha tu saa yake: lango lilipaswa kufunguliwa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Watu wa Mbwego waliketi chini upande wa kushoto, wenyeji upande wa kulia. Miongoni mwa wageni nilimwona Prisila. Hakuwa ameniambia kwamba anakuja. Alivuka ile nafasi ya katikati, akapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umekaa upande ule?"

"Nimekuja kuomba, bibi," alisema Prisila. "Naishi kule. Watoto wangu wako kule."

Mama alimshika kidevu akamtazama. "Haya nenda kakae na wenzako," alisema, na ile ilikuwa haya fupi, ya upendo, kila mtu aliisikia.

Nikasimama katikati. Niliwaambia mashine ilichosikia Jumatatu, na kwamba nilikaribia kuiacha iendelee. Niliona aibu kusema hivyo mbele ya watu walionilea, nikasema hivyohivyo. "Leo neno haya ni marufuku," nilimaliza. "Mwenye swali aulize. Mwenye hasira akasirike."

Mungu wangu, wakakasirika. Yote ambayo haya ilikuwa imeyafunika siku ile yalitoka. Makaburi je? Nyumba za kilimani ni nani kazipima, mbona jikoni hakuna pa kutokea moshi? Kwa nini lizame shamba na si ule uwanja wa ndege wa zamani wa Mbwego? Bi. Tatu alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alisema hajui. Fundi mmoja wa Mbwego alisimama akasimulia jinsi alivyomshika mwanawe mkononi na maji yakamnyang'anya, akaketi bila kuomba kitu. Saa sita mchana Mzee Mkopi alisema Kipande cha Juu, chenye makaburi, kisiguswe. Mhandisi akaitwa, akapiga mahesabu yake, akasema inawezekana kama Mbwego nao watauacha uwanja wao wa ndege unywe maji. Bi. Tatu akageuka kwa watu wake. Walibishana robo saa, kisha wakakubali. Mwanamke mmoja wa kwetu akasema hatahamishwa na tingatinga, mlango wake ubebwe na mtu anayemjua jina. Wauza samaki wakainua mikono kujitolea.

Saa tisa maneno yaliisha. Nikasema anayekubali ainuke, avuke, asimame na wageni. Asiyekubali abaki alipoketi, na hakuna atakayemsemesha vibaya.

Walivuka kwa kimya. Mzee Mkopi kwanza, kisha wawiliwawili, kisha kundi. Nilihesabu vichwa mara mbili. Mia tatu na hamsini walivuka. Sitini na wawili walibaki chini, na mbele yao, kanga ya Pasaka imekunjwa magotini, alibaki mama yangu.

Prisila alikuwa analia waziwazi. Mama alimtikisia kichwa, kwamba asilie, na hakuinuka.

Nikatazama Sikio juu ya nguzo. Linasikia sauti, halisikii miguu. Kioo kilisema: *Hakuna kauli. Ridhaa asilimia sifuri.*

"Haliwezi kutuma hiki mkoani," alisema Mhandisi Kisamo, aliyekuwa amesogea mpaka begani kwangu. "Mtendaji, huna ridhaa."

"Ninayo. Nipe kalamu."

Niliandika muhtasari ule kwa mkono, juu ya goti langu, kwenye karatasi ya daftari la Prisila yenye mistari mipana ya darasa la pili. Nikaandika waliovuka na masharti yao. Kisha nikaandika waliokataa, mmoja mmoja, majina sitini na mawili, na la kwanza nikaandika Skolastika Ligazio. Niliwahi kuandika mihtasari mingi maishani mwangu, na huo ulikuwa wa kwanza ambao wajumbe wote hawakuridhia. Bi. Tatu akasaini. Nikapiga muhuri wa IMEKUBALIWA juu ya majina yote, wino ukaingia hata kwenye la mama.

Mhandisi aliisoma karatasi kwa muda mrefu. Yeyote mkoani angeweza kuikataa, maana ilikuwa maneno ya mtendaji tu, na neno la mtendaji ndilo lililotuletea Masikio. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Nitasema niliona," alisema, akaenda kufungua lango.

*

Maji hayakuja kwa kishindo kama nilivyoogopa. Yalitambaa kati ya mashina ya mpunga, ya rangi ya chai, yakisukuma mbele yake povu na panzi. Nyuma yake ndege za kupandia zilipita chini zikimwaga mbegu za Sponji. Juu barabarani watu wa Mbwego walikuwa wanapita na milango kichwani, wakiulizana ni wa nani.

Mama alikuwa amesimama kwenye tuta la shamba lake na kombeo lake mkononi. Maji yalifika kwenye ndala zake, hakuzisogeza. Nikashuka nikasimama naye. Nilitaka kumwambia kwamba jina lake nimeliandika la kwanza, nikaona haya.

"Mama," nilisema, "twende."

Alilitazama shamba mara moja, kutoka kona mpaka kona.

"Haya," alisema.

Nimeishi na neno hilo miaka hamsini na miwili. Nimebatilisha ridhaa ya serikali kwa ajili yake. Na pale tutani, ubavuni mwa mama yangu mzazi, sikuweza kujua ilikuwa haya ipi.

Kiunoni kwangu Sikio dogo, nililokuwa nimelivaa tena, likawaka taa ya kijani. Nikalifunika kwa kiganja.